Siku Bomba Jekundu Lilipofunguliwa

Bi Pilipili aliamka na kiherehere cha mama anayeozesha. Leo binti yake, fundi wa mabomba, angefungua bomba la zimamoto pale kona, apime kama presha ya maji mtaani inatosha kuweka vinyunyizio vya kuzimia moto kwenye bweni la wasichana. Na orofa ya juu ya bweni hilo ndiko anakolala mjukuu wake wa pekee.

Shida ilikuwa mwenyekiti wa mtaa. Kipimo kilichopita kilimwaga maji yote mtaroni, watu wanatazama na ndoo zao kavu. Akaapa: "Nikiona maji mtaroni, nafunga, na kipimo kimekufa!"

Fundi akavuta mpira mnene kutoka kwenye bomba hadi kwenye matangi ya dobi wa jirani, maji yasiende mtaroni. Bi Pilipili naye, bila kutumwa na mtu, akapita mlango kwa mlango: "Leo maji tele! Kingeni jamani!"

Bomba likafunguliwa. Mpira ukavimba, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Dobi akapiga mluzi, shati la mteja begani. Lakini fundi, macho kwenye geji ya presha, akanywea.

"Mama, presha inaporomoka! Kwa hali hii maji hayafiki hata orofa ya kwanza!"

"Acha uzushi. Mbona nyumbani yanatoka? Nimeacha pipa linajaa."

"Umeacha... Na majirani?"

"Wote, mwanangu. Nimewahimiza mwenyewe."

"Mama! Maji yote mnayavuta huko, geji itasoma nini?"

"Matangi yanakaribia kujaa!" dobi akapiga kelele. Mwenyekiti akasogelea bomba, tayari kulifunga.

Bi Pilipili akapandisha gauni magotini, akatoka mbio. "Fungeni! Fungeni mabomba!"

"Si umesema tukinge?" jirani akafoka, mtoto mgongoni, povu kichwani.

"Nimesema! Sasa nasema funga, mjukuu wangu asije akaungua!"

Bomba moja likafungwa, jingine, jingine. Kule kona mshale ukatetemeka, ukapanda, ukatulia.

"Inatosha! Mama, inatosha hadi juu!" Fundi akafunga bomba, matangi yakiwa yamefika ukingoni.

Bi Pilipili akarudi anahema, anacheza. Mwenyekiti alikuwa ameinama mtaroni, ambako kijito chembamba kilikuwa kinateremka kutoka mlangoni kwa Bi Pilipili, kutoka kwenye pipa alilolisahau.

"Na haya?"

"Hilo jasho langu, baba," akajibu. "Umeniona nilivyokimbia?"