Vilima Vyote Kwenye Sita

Fundi wa intaneti hakuwahi kukosa la kusema katika jengo lile. Siku hiyo dada yake alimvamia sebuleni kwao.

"Kaka, saa tisa wananihoji. Kazi ya ukunga hospitali kubwa, nimeisubiri miaka mitatu! Na intaneti yako inakatika kila nikifungua mdomo."

"Si yangu, ni majirani. Wanaangalia sinema kutwa."

"Majirani uliowafungia intaneti wewe mwenyewe."

Kweli, nyumba zote za jengo alizifungia yeye, na sifa zake alizimwaga kila ngazi. Zimebaki dakika arobaini. Mahojiano ni kwa simu ya dada, maana kompyuta ya mezani pale sebuleni, yenye mfumo wa Linux, haina kamera. Intaneti inapata kwa waya. Fundi akaikalia, akaandika amri, akaweka neno la siri, akapakua programu ya kuchungulia mitandao ya hewani. Akaifungua. Peupe! Hakuna hata mtandao mmoja.

"Umeiua yote," dada akasema.

"Niue nini? Kompyuta hii ni kiziwi tu, haina waifai." Akatoa antena ndogo mkobani, akaichomeka, akaanza upya.

Kioo kikajaa. Vilima vya rangi vikainuka kimoja baada ya kingine, vikipumua, kila kimoja na jina la mtandao wake: Si Yako, Mama Pacha, Usiniombe, Saluni Juu. Fundi mdomo wazi. Miaka sita anafunga vitu hivi, hajawahi kuviona. Kumbe hewa ya sebule hii, aliyodhani ina vumbi na joto la pasi tu, imejaa kuliko ukumbi wa harusi! Wanapita ukutani bila hodi, wanapita kifuani mwake, wala hahisi hata mtekenyo.

"Jamani," akanong'ona. "Tunaishi nao humu."

Dada akainama, akamcheka Usiniombe, maana anamjua fika. Kisha akagusa namba zilizopangwa chini ya vilima.

"Mbona wote wamepandiana hapo kwenye sita?"

Ile ilikuwa chaneli, njia ambayo mtandao hupitia hewani. Aliyemfundisha fundi kazi alimwambia chaneli ya sita haina matata. Naye kila nyumba akaweka sita, hakuuliza.

"Ni mimi, dada. Nimewapitisha wote mlango mmoja."

"Utajilaumu kesho. Sasa hivi nihamishe!"

Kwenye chaneli ya kumi na moja palikuwa wazi kama uwanja. Akabadilisha chaneli ya mtandao wao. Kilima chao kikazama. Dada akamfinya bega. Mara kikachipuka upande wa kulia, kirefu, peke yake.

Saa tisa dada akajifungia chumbani na simu. Sauti yake ikaja nzima, akieleza jinsi alivyomtoa mtoto aliyetanguliza miguu. Halikukatika neno. Mtu wa upande wa pili akauliza, "Unaweza kuanza lini?"

Fundi hakusogeza hata kiti. Alinyoosha mkono katika hewa iliyobeba sauti ile, taratibu, kama anayepima joto la maji ya kumwogesha mtoto.