Mto Usiobonyea

Mke wangu ni mtu wa kufa na tai shingoni. Ukimkuta analia atakwambia anakata vitunguu, na ukitazama mezani huoni kitunguu wala kisu. Nimeishi naye tangu enzi ambazo nilikuwa bado na nywele, tumelea watoto mpaka wakahama na kutuachia nyumba kimya, na hadi leo ananidanganya kwa jambo lilelile, kwamba hajachoka.

Anafanya kazi serikalini, katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Yeye yuko dirisha la vizazi. Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko mtaa wa nyuma. Jioni moja mwaka jana alirudi ameshika kiuno, nikamuuliza kulikoni, akasema kiti cha ofisini kigumu. Mimi nikiambiwa kitu ni kigumu, najua la kufanya. Nilichukua mabaki ya kitambaa cha suti, cha kijivu, kizuri kweli, nikamshonea mto wa kukalia, nikaujaza pamba mpaka ukavimba, nikauwekea na vikamba vya kuufungia kitini. Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama kwa muda mrefu kuliko mto unavyostahili kutazamwa.

Tangu hapo kila siku nikawa namuuliza habari za mto, naye ananijibu kwamba unamsitiri sana, wenzake wanamwonea kijicho. Kichwa kikavimba kuliko mto wenyewe. Kuna wateja waliokuja kupunguza suruali wakaondoka wakijua habari zote za makalio ya mke wangu na starehe yake serikalini.

Lakini miguu. Kila jioni ilikuwa imevimba, viatu havivuliki ila kwa kuvutana. Nilivilaumu viatu, nikamnunulia vingine. Nikalaumu chumvi. Nikalaumu ngazi za ofisini, mpaka akanikumbusha kuwa ofisi yao haina ngazi. Basi nikawa namkanda kwa maji ya moto kwenye beseni, nanung'unika, yeye anasinzia kwenye kochi. Nasema kweli, niliipenda ile saa kuliko zote za siku. Kumbe nilikuwa nakanda nisichokijua.

Siku moja akasahau miwani nyumbani. Nikafunga kibanda kumpelekea. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikamwambia mlinzi mimi ni mume wa dirisha la vizazi, akanipisha pembeni. Nikamwona mke wangu kabla hajaniona. Alikuwa amesimama. Nikadhani anafuata jalada. Akampokea mama mwenye kichanga, akainama akaandika, akagonga muhuri, akaita mwingine, yote hayo amesimama. Nyuma yake hapakuwa na kiti. Juu ya rafu, katikati ya majalada, ulikuwepo mto wangu wa kijivu, umevimba vilevile kama siku niliyoumaliza.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkuu wa ofisi. Nilikuwa namsikia tu. Wafanyakazi wanamwita Asali, kwa sababu hapandishi sauti hata siku moja. Akasimama nyuma ya mke wangu na, foleni nzima ikisikia, akamwambia taratibu huku anatabasamu:

"Bibi, ukichoka kusimama usijitese. Nyumbani kwako si kuna kiti?"

Wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha woga. Mke wangu akasema, "Ndiyo, mkuu," akamgeukia mteja wake. Hapo ndipo aliponiona.

Nilikuwa tayari nimeshika ukingo wa kaunta, napima kama goti langu litakubali kuruka. Akanikazia macho, yale macho ambayo kila mume anayajua, nikaachia. Nikampitishia miwani dirishani. Akaniambia asante baba, karibu tena, kama anavyowaambia wateja wote, nikatoka.

Jioni nilizunguka sebuleni nikinguruma, nikitaja mambo nitakayomfanyia Asali na vifaa nitakavyotumia. Alinisubiri nimalize. Kisha akaanza kusimulia, miguu ikiwa ndani ya beseni. Kabla ya mto wangu, Asali alimletea karatasi za rafiki yake, aliyetaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye hakuna aliyemwona, tena mwaka umebadilishwa. Alitakiwa agonge muhuri tu. Akakataa. Kesho yake kiti chake kikapelekwa matengenezo na hakikurudi. Akiuliza, anaambiwa fundi bado. Hilo nalo liliniuma, kwa niaba ya mafundi wote. Baadaye likizo yake ikasahaulika, halafu kejeli za mbele ya watu zikaanza, na wenzake wakawa hawathubutu hata kula naye mchana.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekwambia ungekuja na mkasi."

"Na mto je? Kila siku unanisitiri, unanisitiri. Umeukalia lini?"

"Ulinisitiri," akasema. "Nilikuwa nikiutazama pale juu nakumbuka kwamba nyumbani kuna mtu."

Nikaongeza maji ya moto kwenye beseni. Nikamwambia aache kazi, mkasi wangu utatulisha wote wawili. Akakataa. Kazi anaipenda. Anapenda kuwa mtu wa kwanza serikalini kusikia jina la mtoto, na kumwona baba wa mtoto akisahau jina walilokubaliana na mkewe. Akasema ataomba ruhusa aende makao makuu kwa afisa wa maadili, akaeleze yote, habari ya muhuri na habari ya kiti.

Basi mimi niliyekuwa nanguruma nikawa wa kwanza kutafuta pa kukaa. Wote tulijua yaliyompata dereva wao. Alilalamika juu ya Asali, akahamishiwa kituo cha mbali kabisa, na siku hizi mkewe huniletea mashati aliyoyaacha niyapunguze yawafae watoto. Nikamwambia mke wangu avumilie, kustaafu si mbali, hasira hasara. Mimi, wa kusema hivyo.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

Nilitaka kusema naogopa kwa ajili yake. Ingependeza zaidi.

"Naogopa kula peke yangu," nikasema.

Akanishika mkono kwa mkono wake wenye maji. "Na mimi naogopa, baba watoto. Nalala naogopa. Lakini mficha uchi hazai. Nikinyamaza, hata hapa kwenye kochi nitakuwa bado nimesimama."

Akaenda. Mimi nilimnyoshea gauni la safari mwenyewe, nikaunguza pindo kidogo, naye akalivaa hivyohivyo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na jirani yake wa dirisha la vifo, shemeji yangu wa hiari, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alikuja kibandani na sketi ya kurefushwa, na kabla sijashika mkanda wa kupimia alikuwa keshaanza.

Afisa wa maadili alikuja, mama mfupi asiye na masihara, akawakusanya wote chumba cha mikutano. Asali akaeleza kwa upole kwamba viti vinatosha, ila huyu mama hupenda kusimama kwa ajili ya afya yake. Afisa akauliza nani ameona vinginevyo. Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake.

"Hata wewe, shemeji?" nikamuuliza.

"Hata mimi. Sauti ilikatika."

Mke wangu akatoka, akarudi na mto, akauweka mezani. Akaeleza kwamba mumewe alimshonea mwaka jana ili aukalie, akamwomba afisa aubonyeze. Afisa akaubonyeza, ukainuka palepale kama mpya. Akamwambia bila ukali kwamba mto si ushahidi.

"Najua," mke wangu akamjibu. "Sikuonyeshi wewe. Nawaonyesha hawa."

Redio alipofika hapo akajifuta macho kwa sketi yake. "Shemeji, ule mto niliutamani tangu siku alipouleta. Mwenzangu amesimama ubavuni kwangu, na mimi nimekaa, nimeking'ang'ania kiti changu nisije nikanyang'anywa. Nilipouona pale mezani haujabonyea, nikaanza kusema, na nilipoanza..."

Sikuhitaji kuelezwa. Alisema ya kiti, ya likizo, na ya kile cheti, ambacho Asali alikuja kukigonga mwenyewe. Mlinzi akafuata, wengine wakafuata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wale walikuwa wanawajua kunguni mmoja mmoja, walichokosa ni mtu wa kufunua shuka. Sketi ile niliirefusha bure.

Asali akaambiwa akae kwake asubiri uchunguzi. Kiti kikarudi siku ileile, wala hakikuwa na dalili ya kuguswa na fundi yeyote. Lakini kabla ya kuondoka Asali alikuwa ameshapeleka makao makuu pendekezo kwamba mke wangu ahamishwe, na kule wanaamua kwa mwendo wao. Mwezi ukaisha, ukaingia mwingine. Tulikula pamoja kila jioni, nami nikitazama, kama mtu anayekariri, anavyomega tonge. Mchana nikawa naitia mafuta cherehani, nikiangalia kama miguu yake ya chuma inafunguka.

Kisha siku moja mchana, wakati ambao si wake wa kurudi, nikamwona anakuja upande wa kibanda, mto umebanwa kwapani.

Mtu hahamishi mto wake ofisini bila sababu. Nikasimama, mkanda wa kupimia ukaanguka. Mteja alikuwa ndani anajaribu koti nililokuwa nimelishona mkono mmoja tu, nikamsahau kabisa.

"Usiseme kitu," nikamwambia mke wangu. "Tunakwenda wote. Hii cherehani inabebeka, nimeshaijaribu. Huko nako watu si wanavaa nguo?"

"Huko wapi?"

"Huko walikokupeleka."

Akanitazama, akamtazama mteja na mkono wake mmoja, akacheka mpaka akaegemea mlango. Majibu yalikuwa yamefika asubuhi. Pendekezo limefutwa, habanduki, na dereva naye ameitwa arudi. Mke wangu alikuwa ameomba ruhusa kidogo, na hakuja kwa ajili hiyo tu.

"Tazama mto wako ulivyo," akasema, akauweka juu ya meza ya kukatia. "Niongezee pamba."

Ulikuwa umebonyea katikati, umelala bapa, kitambaa kimeanza kung'aa kwa kukaliwa. Nikaupitisha mkono juu yake. Nimeshona nguo za maharusi nikakabidhi macho makavu, lakini siku ile ilibidi nimgeuzie mteja mgongo. Mke wangu akavuta kiti changu, akakaa, akanisubiri nimalize.