Mgeuza Kurasa wa Otakar

Mgeuza kurasa ana miiko yake. Havai bangili, hajipaki manukato, hachagui nguo ya rangi. Hukaa kushoto kwa mpiga piano, nyuma kidogo, na watu wakipiga makofi yeye hainuki. Mwiko mkubwa kuliko yote ni huu: hagusi karatasi mpaka mpigaji ampe ishara. Bohdana alikuwa ameishika miiko hiyo kwa miaka arobaini na moja kando ya mumewe, Otakar. Kila Julai, tamasha la muziki lilipofika, watu wa Zvonov walimwona akiinuka nusu, akinyoosha mkono, akigeuza, kisha akiketi, na baadaye hakuna hata mmoja aliyeweza kusema bibi yule alivaa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Ishara ya Otakar ilikuwa kidevu. Alikiinua kidogo tu, kama mtu anayemsalimu jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu majira ya baridi kidevu hicho kilikuwa kimeanza kudanganya. Kiliinuka katikati ya ukurasa, au kilisahau kabisa kuinuka.

Mwezi wa Aprili daktari mmoja wa Brno aliwaeleza wote wawili, taratibu, ugonjwa ule unaitwaje na utaanza kumla mtu wapi. Otakar alilia, Bohdana akamfuta machozi. Walipofika kituo cha treni, Otakar alimgeukia akamuuliza, "Hivi tulikuja Brno kufanya nini, Danka?"

"Kununua viatu," Bohdana akajibu.

Basi wakarudi mjini wakanunua viatu. Tangu siku ile hakumwambia tena mumewe habari ile, wala hakumwambia mtu mwingine. Alijua wasemavyo watu juu ya mficha maradhi. Lakini alijiwekea ahadi moja: Otakar apige kiangazi hiki akiwa na jina lake zima, kisha ashuke jukwaani kwa miguu yake mwenyewe kabla hajaja mtu kumshusha. Namna ya kumfanya ashuke ndiyo hakuijua. Mara mbili alijaribu kumshauri apumzike, na mara zote mbili Otakar alimwambia kwamba mpiga piano hupumzika akifa, na hata hapo inategemea jirani zake kaburini ni akina nani.

Ijumaa asubuhi walifanya mazoezi katika ukumbi wa shule. Walikuwa watatu: Otakar kwenye piano, Radim, kijana wa Ostrava, kwenye fidla, na Jolana kwenye selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Jolana alikuwa mwanafunzi wa Otakar tangu utotoni, na sasa yeye ndiye aliyeliendesha tamasha zima, kuanzia viti hadi mialiko. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mezani kulikuwa na mkate wa cheri alioupika Bohdana, na Radim alikuwa amekwisha kula vipande vinne.

"Jamani, hii kengele yenu," Radim alisema mdomo umejaa, akielekeza uta wa fidla kwenye mnara wa kanisa. "Huyu ndiye mpigaji wa nne. Mbona jina lake halimo kwenye mabango?"

"Aandikwe wa kwanza," Otakar akasema. "Ndiye peke yake asiyechelewa."

Watu wa Zvonov walikuwa wamekwisha zoea. Onyesho lilianza saa moja na nusu jioni katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, na saa mbili kamili kengele ililia juu ya vichwa vyao mara nane, kwa hesabu ya saa za huko, haijali nani anapiga nini. Kwa hiyo ilikuwa desturi ya hapo, tangu siku za babu zao, kwamba sehemu ya kwanza ya muziki wa kwanza hairudiwi, hata kama mtunzi ameandika alama ya kurudia. Wakiiruka alama, sehemu ya pili, ile ya polepole, humalizika kabla ya kengele. Wakirudia, kengele huwaangukia mahali penye unyamavu kuliko pote. Zvonov hawarudii: mjini hapo maneno hayo waliambiwa hata wanaume waliofukuzwa na wake zao.

"Mwalimu, haturudii, sivyo?" Jolana aliuliza, kalamu ya risasi mkononi.

"Binti yangu, mimi nilikuwa siirudii hii tangu wewe una mapengo."

Wakacheka. Ndivyo alivyokuwa, ulimi wake ulibaki na makali hata pale kichwa kilipoanza kumwacha, na ulimi huo ndio uliomficha. Kisha alimgeukia Radim akasema, "Slavoj, pale chini usinikimbize." Slavoj alikuwa mpiga fidla wake wa zamani, na alikuwa amezikwa miaka tisa. Bohdana akawahi kucheka kabla ya wengine, cheko la mtu aliyesikia mzaha. Radim naye akacheka. Jolana alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi zake. Hakuinua kichwa, wala hakucheka.

Jioni kanisa lilijaa. Watu walijipepea kwa karatasi za ratiba. Bohdana alikaa mahali pake na nguo yake ya kijivu, mikono mapajani, akamtazama mumewe akigusa piano kwanza kwa kiganja, kama mtu anayempoza farasi. Wakaanza.

Alipiga vizuri! Baadaye Bohdana alijikumbusha hilo mara nyingi. Vidole vyake vya miaka sabini na minane vilikwenda bila kuuliza njia, na kidevu kiliinuka pale kinapotakiwa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Bohdana alianza kupumua. Wakafika kwenye alama ya kurudia, ile waliyokubaliana kuiruka. Radim na Jolana wakasonga mbele. Otakar akarudi mwanzo.

Kwa muda mfupi kanisa lilisikia miziki miwili ikigombana. Kisha Jolana akaruka nyuma, na Radim akamfuata, na Bohdana akarudisha kurasa upesi kadiri mkono ulivyoweza. Baadhi ya watu walitabasamu. Mzee kaamua kurudia leo, walifikiri, acha arudie, mji ni wake. Wakaipiga sehemu ile tena yote, na ilikuwa nzuri kuliko mara ya kwanza.

Kadiri alama ile ilivyokaribia tena, Bohdana alitazama mkono wa kushoto wa mumewe. Mkono ukaanza kujikunja, ukichukua umbo la sauti zile za mwanzo. Alikuwa anataka kuianza mara ya tatu. Bohdana alidhani Radim na Jolana hawakuona. Kidevu hakikuinuka. Miaka arobaini na moja hakuwahi kugusa karatasi bila kidevu kile. Bohdana akainuka, akageuza ukurasa mbele, akaweka kidole chake juu ya mstari, akanong'ona, "Hapa, mpenzi. Mbele."

Otakar akainua macho. Alimtazama kama mtu aliyeamka akamkuta mgeni amekaa kitandani pake. Mikono yake ikasimama hewani. Fidla ikakatika, kisha selo, na kanisa zima likanyamaza, hata karatasi za kujipepea zikatulia.

Ndipo Bohdana akaimba. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya bibi, imepasuka pembeni, lakini ilifika safu za nyuma. Aliimba ule wimbo wa mkono wa kushoto unaofuata pale, ule aliousikia jikoni kwake kupitia ukutani kila siku ya ndoa yake. Mikono ya Otakar iliusikia kabla ya Otakar mwenyewe. Ikashuka. Selo ikaingia chini yake, polepole, kisha fidla. Wakaendelea mpaka mwisho. Kengele iliwakuta katikati ya sehemu ya pili, ikalia mara nane, na hakuna aliyecheka.

Makofi yalikuwa mengi, ya huruma zaidi. Kipindi cha pili kilikuwa cha kundi lingine, kwa hiyo wao watatu waliingia kwenye chumba cha mapadri, Bohdana nyuma yao. Mlango haujafungwa vizuri, Otakar akageuka.

"Nani kakwambia urudishe?" Uso wake ulikuwa mwekundu, jasho linamtiririka shingoni. "Halafu unaniwekea kidole! Unaimba! Unaimba kanisani, Danka, mbele za watu, kama mlevi!"

"Kusema kweli, mama, umetutia aibu," Radim akasema, akijifuta kwa mkono wa shati. "Mimi nimebaki peke yangu kule juu kama paka kwenye paa."

Jolana alikuwa hajaketi. Alisimama na selo yake, akamtazama mwalimu wake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikuona mikono. Nadhani ingefaa tu..."

"Ni mimi," Bohdana akasema.

Wote wakamgeukia.

"Ni macho yangu. Tangu baridi sioni vizuri, mistari inaingiliana. Nilificha. Nilijua nitakosea siku moja, na leo nimekosea."

Hakuwa amepanga. Maneno yalitoka yamekwisha shonwa, kama nguo iliyokuwa ikingoja kabatini. Hasira ya Otakar ikamtoka usoni. Akaja akamshika mikono yote miwili.

"Macho? Wee mwanamke, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasikitika."

"Mjinga we. Nimekaa na kipofu, mimi nadhani ana madaha."

Radim alikuwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Ulimi wangu huu. Sikujua."

"Jumapili kuna onyesho la kufunga," Jolana akasema. Alizungumza na Otakar, lakini macho yake yalikuwa kwa Bohdana. "Yupo msichana mmoja wa chuo, anageuza vizuri. Nimwite?"

Kila kitu kilikuwa hapo, kwenye jibu la swali hilo.

"Msichana wa chuo!" Otakar alisema. "Jolana, mimi sijawahi kupiga na mkono wa mtu mwingine pembeni yangu. Kama huyu hawezi tena, basi nami siwezi. Tumeanza pamoja, tunaacha pamoja." Akatega sikio, kama mtu anayesikiliza alichokisema mwenyewe, na kikampendeza. "Ndiyo. Waandikie watu. Andika kwamba Otakar ameacha jukwaa kwa ajili ya macho ya mkewe. Jumapili mtafuteni mwingine."

"Ndivyo, mama?" Jolana akauliza.

Bohdana aliona kwamba Jolana anajua. Labda alijua tangu asubuhi, labda tangu zamani zaidi.

"Ndivyo," akasema. "Tafadhali."

"Basi nitaandika mwenyewe." Jolana akawapa mgongo, akaanza kulegeza uta wa selo ambao alikuwa amekwisha kuulegeza.

Walipotoka, ilikuwa bado mapumziko, na mwanga ulikuwa haujaondoka uwanjani. Watu walisimama na bia zao kuzunguka kisima. Otakar hakuweza kukaa na habari ile kifuani. Alimwambia mwenye duka la mikate, akamwambia mwalimu wa shule, akamwambia kila aliyekuja kumpa mkono. Macho ya Danka. Tangu baridi. Alinificha, mnaona mambo? Nami nimeacha, ndiyo, nimeacha kabisa.

"Maskini Danka," wanawake walisema, wakimpapasa mkono kama wanavyompapasa mfiwa. "Tulikusikia ukiimba, tukasema huyu leo vipi." Mmoja alimwinulia vidole mbele ya uso. "Hivi vingapi, shoga?"

"Vitatu," Bohdana akasema, kisha akakumbuka. "Au vinne."

"Zvonov hawarudii," bwana mmoja alisema kutoka kisimani, "ila mgeuzaji akiwa kipofu!"

Wakaangua kicheko. Otakar akageuka kwa ukali, ndevu zinamtetemeka. "Cheka, cheka! Miaka arobaini na moja huyu hakukosea hata ukurasa mmoja! Wewe umekosea kuoa tu mara ngapi?" Kicheko kikamgeukia yule bwana, kikawa kikubwa zaidi. Bohdana aliinamisha uso. Kuanzia leo watu wangemkumbuka. Wangekumbuka nguo ya kijivu, na kidole, na sauti ile iliyopasuka. Kila Julai, miaka na miaka, mtu angesema, mnakumbuka lile onyesho aliloliharibu mke wa Otakar? Alijaribu kulipima jambo hilo, kuona ni zito kiasi gani. Lilikuwa zito kuliko alivyotegemea. Alilibeba.

"Twende nyumbani," Otakar akamwambia, sasa kwa upole mwingi, akamshika kiwiko. "Mimi nakuongoza. Wewe nifuate tu."

Wakashuka mtaa wa wafinyanzi, mawe ya barabara bado yana joto la mchana. Otakar alitembea nusu hatua mbele yake, amenyooka, ana kazi.

"Jiwe hapa. Inua mguu. Ngazi mbili. Moja... haya, na ya pili. Umeona? Rahisi tu."

"Rahisi," Bohdana akasema.

"Nitakusomea magazeti. Nitakupikia pia."

"Hujui kupika, Otakar."

"Nawe huoni, kwa hiyo hutajua umekula nini."

Bohdana alicheka. Nyumba yao ilikuwa ya sita upande wa kulia, lango la kijani. Akaliona linakuja, likafika sawa na bega lake, na mkono wa mumewe haukupunguza mwendo. Lango likapita. Wakapita nyumba ya jirani, wakapita bomba la maji, wakafika mwisho wa mtaa, mahali ukuta wa zamani wa mji unapoishia na mashamba ya shayiri yanapoanza.

Hapo Otakar alisimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Vidole vyake vilikaza kwenye kiwiko cha mkewe.

"Danka," akasema kwa sauti ya chini, asije mtu akasikia, "usiogope. Nitaiona sasa hivi."

"Siogopi," Bohdana akamwambia, akabaki amesimama kando yake, upande wa kushoto, akingoja.