Mgeni wa Ofisi ya Nyumba

Miaka minne Godelieve alimsubiri mgeni huyu, na siku alipokuja, akafanya kosa ambalo hata mama yake mzazi angelifanya. Alisafisha nyumba.

Nyumba, tunaita hivyo kwa heshima tu. Kilikuwa kibanda cha mbao uani kwa Kerubo, nesi Mkenya, huko Garland, ughaibuni. Kibanda cha kuwekea mashine ya kukatia nyasi. Humo Godelieve aliishi na mumewe Libère, ambaye nyonga yake iliharibika kwa miaka kumi na moja ya kubeba maboksi ghalani. Choo hakikuwemo. Kila haja ilipomshika mchana, mzee alivuka ua kwa gongo hadi nyumba kubwa, iwe mvua, iwe baridi. Ndiyo maana waliomba nyumba ya serikali, isiyo na ngazi, yenye choo ndani. Choo tu, jamani! Hawakuomba kasri.

Zamu yao ilipofika, ofisi ikasema itatuma mtu aje aone wanavyoishi. Kerubo akamwonya mapema.

"Mama Alain, nisikilize. Usiguse kitu. Beseni la kukinga mvua liache hapo, ukuta wenye kuvu uache vivyo hivyo, na ile ndoo ya usiku usiifiche. Aone."

"Sawa, binti yangu," Godelieve akasema, na alimaanisha.

Lakini Kerubo alipoondoka kwenda kazini, mama wa watu akasimama mlangoni akatazama. Mgeni aingie akute ndoo ya mkojo? Na Kerubo, aliyewapokea walipokosa pa kulala, aonekane anafuga watu kama mbuzi? Hapana bwana! Nyumba chafu mbele ya mgeni ni aibu ya mwanamke, si ya ukuta. Akaficha beseni. Ndoo akaipeleka nyuma ya kibanda. Ukutani akatundika kitenge alichovaa kwenye harusi ya mwanawe Alain kule Houston. Akaazima viti viwili jikoni kwa Kerubo, akachemsha chai ya maziwa, akakaanga maandazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone; naye alikuwa amengoja sana kupona.

Mgeni alikuwa kijana mpole aitwaye Mark, mkalimani akisikika kwenye simu aliyoiweka mezani. Akanywa vikombe viwili. Akasifu chai na maandazi. Kisha akauliza, hapa wana shida gani?

Libère alifungua kinywa, Godelieve akamwahi. Mtu anakula, umtajie ndoo?

"Hatuna shida," akasema. "Tunamshukuru Mungu, na mwenye nyumba pia."

"Na choo?"

"Kipo." Akaonyesha nyumba kubwa kwa kidevu. "Kule ni kwetu pia. Kerubo ni mwanetu."

Kijana akaandika. Mkalimani, Mtanzania kwa lafudhi yake, akakohoa.

"Mama, una hakika hakuna la kuongeza?"

"Mwambie aongeze chai."

Barua ilikuja Januari, wiki ya barafu. Kerubo aliwasomea akiwa amesimama, bado amevaa sare za hospitali. Makazi yao yanafaa, ilisema. Wanatumia choo na jiko la nyumba kubwa kama familia moja. Majina yao yameondolewa kwenye orodha.

"Haki, mama, si nilikuambia!" Kerubo akalia. "Si nilikuambia uache!"

"Hatuwezi kuomba tena?"

"Tuta-apply tena. Lakini mtaanzia mkiani."

 Miaka minne, na Godelieve mwenyewe ndiye aliyeimaliza kwa sahani ya maandazi. Alitamani mumewe amfokee, walau agonge gongo chini. Mzee hakufanya hivyo. Aliinuka polepole, akavaa koti.

"Mama Alain, nishike mkono. Nataka kwenda kule."

Wakatoka. Barafu ilikuwa imefunika ua mzima. Kerubo akatangulia na bakuli, akimwaga chumvi ili wasiteleze, na Godelieve akamshika mumewe kiunoni. Katikati ya ua mzee akasimama kupumua.

"Yule kijana," akasema. "Chai aliisifu, siyo?"

"Aliisifu," Godelieve akajibu, machozi yakimtoka. "Alikunywa vikombe viwili."

"Basi," akasema Libère.

Alikuwa amekwisha kujikojolea. Wakageuka, wakarudi kibandani taratibu.