Mvuta Kamba wa Kwenye Bafta

Athmani alikula wali kwa kunde kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine mkewe, Mwanaarusi, alikuwa ameushika akiukagua. Malengelenge yalikuwa yamepasuka tena. Athmani na wenzake ndio waliokivuta kivuko cha Garsen, wakisimama juu ya sakafu yake ya mbao na kuikokota kamba iliyofungwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kamba hiyo ilikuwa imeanza kuchambuka nyuzi.

"Umemwambia Bwana Nzai?" Mwanaarusi aliuliza. Nzai ndiye aliyekuwa msimamizi wa kivuko.

"Nimemwambia. Kasema kamba mpya itakuja na lori la Malindi."

"Lori gani?"

"Hilo hakusema."

Mwanaarusi akampaka hina kiganjani ili ngozi ikaze. Alikuwa mchoraji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mzaliwa wa Kipini, na kazi yake ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana hadi Tarasaa: maua aliyomchora bibi harusi mikononi yalipanda taratibu, na kufikia mwisho wa fungate yalikuwa shingoni. Wenye harusi walimwita hivyo hivyo. Walimwomba tu aanzie chini zaidi.

Msimu huo mto ulifura kwa mvua za bara. Nzai alipakia lori la pamba pamoja na ng'ombe na watu, na katikati ya maji kamba ikakatika. Lori lilibaki juu ya kivuko. Ng'ombe waliogelea. Athmani, aliyekuwa mbele kabisa, alichukuliwa na maji, akapatikana chini kwenye matete. Nzai alieleza kuwa mvuta kamba aliiachia kamba kwa uzembe, na maneno hayo yakakubaliwa, kwa kuwa aliyetajwa hakuwepo kuyakana.

Mwanaarusi akakaa eda. Hakuruhusiwa harusini, na mikono yake haikuzoea kukaa bure, basi akakitwaa kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda akakitandaza ukutani. Alimchora mumewe kwa piko akivuta kamba, kwani hivyo ndivyo alivyomwona mara nyingi. Piko lilipokauka, Athmani akavuta.

Sabdio, mke wa mfugaji Mworma aliyeitwa Huka, alikuwa ameleta maziwa. Aliweka chombo chini akatazama.

"Anavuta kwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi jioni atarudi," Sabdio akasema, akaomba chombo chake cha jana.

Alirudi kweli. Wiki iliyofuata Mwanaarusi akamchorea abiria, kiboko mwenye mwavuli aliyegombea nafasi na mwanamke mwenye kuku. Iliyofuata tena, kiboko alishuka ng'ambo akakuta amesahau mwavuli. Watu wakaanza kuja kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri kujua mwavuli umefikia wapi. Wapokomo walikuja na mikeka, Waorma wakasimama wakiegemea fimbo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema kuchora viumbe hakufai, ila kuhusu viumbe wanaoendelea wenyewe baada ya kuchorwa angeuliza Lamu. Akisubiri jibu, alikaa mstari wa mbele.

Eda iliisha na Mwanaarusi hakurudia maharusi. Kila Ijumaa mchezo mpya. Asubuhi alikoroga piko na mchana alikaa akiwaza kiboko atasema nini.

Ijumaa moja, bila Mwanaarusi kuchora hivyo, Athmani aliacha kuvuta, akageukia watu.

"Kamba ilikuwa imeoza," akasema. "Nzai anajua. Nilimwambia."

Nzai alikuwapo, nyuma, kwenye kiti chake cha kukunja. Aliitazama saa yake, akabaki hadi mchezo ukaisha.

"Sasa yeye mwenyewe nasema," Huka akawaambia waliokuwa karibu naye. "Sote nasikia."

Walikuwa wamesikia. Kesho yake walimsalimu Nzai kivukoni, naye akawaitikia, wakavuka kwa kamba ileile, ambayo sasa ilikuwa na fundo katikati. Kila Ijumaa Athmani aliyarudia maneno yake, kisha kiboko akaendelea.

Ndipo lilipokuja gari la sinema. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyeitwa Bwana Hamfri, na mtambo wake ulikuwa umeharibikia kwenye tope. Akaambiwa asijali, sinema ipo. Aliitazama akiwa amesimama, na ilipoisha alivua kofia.

"Mama, hii mimi nataka," akasema. "Tutatembea nayo. Itafundisha sabuni, choo, sindano ya ng'ombe. Watu watapenda. Lakini ile maneno ya kamba, hapana. Watu anakuja kufurahi."

Mwanaarusi aliomba siku za kufikiri. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya wafanyakazi wa kivuko, na Nzai alikwisha kuuliza lini atahama. Hiyo ndiyo sababu ya kukubali aliyowapa watu. Ile nyingine hakumwambia yeyote: kwamba hakuna aliyewahi kumvulia kofia, na kwamba alitamani kuwaona watu wa mbali kama Madogo wakimcheka kiboko wake.

Alikata ndimu, akalowesha ncha ya kitambaa, akaufuta mdomo wa mumewe. Athmani alitulia, kidevu juu, kama mtu anayenyolewa. Akamchorea mdomo mwingine wenye tabasamu, na mahali pa kamba akamtia kipande cha sabuni.

Walizunguka nchi nzima ya mto. Katika kijiji cha Wema, watu walipanda juu ya mapaa ya nyumba. Huko Madogo walitaka mchezo urudiwe, ukarudiwa. Mwanaarusi alichora bafta baada ya bafta, hadi jina lake likawa linaitwa kwenye kipaza sauti cha gari. Ilikuwa kazi nzuri na aliipenda. Jambo moja tu: zamani, mwisho wa kila mchezo, Athmani alimtafuta kwa macho mahali alipokaa. Sasa aliwatazama watu wote sawasawa.

Bwana Hamfri aliporudi kwao alizibeba bafta, akamwachia ile ya kwanza kwa kuwa ilikuwa na madoa. Baadaye karani mmoja kutoka Malindi alimwonyesha gazeti la kwao Bwana Hamfri. Huko kulikuwa na masanduku ya televisheni sebuleni, na ndani yake, kila wiki, Athmani aliwafundisha watoto kuvuka barabara. Chini palikuwa na jina la mtungaji, Bwana Hamfri.

"Amevaa nini?" Mwanaarusi aliuliza.

"Kofia."

"Athmani hapendi kofia," akasema, akamrudishia gazeti lake.

Mvua zilizofuata kamba ikakatika pale penye fundo. Safari hii mto ulimchukua Huka pamoja na ng'ombe wake. Nzai alieleza kuwa mvuta kamba, kijana wa watu aliyeajiriwa juzi, aliiachia kwa uzembe. Ikasemwa kuwa afisa atakuja kuchunguza.

Sabdio alikuja bila maziwa.

"Toa mume wako," akasema. "Mkubwa anakuja. Aseme ile maneno."

Mwanaarusi akaitandaza bafta ya kwanza. Aliifuta sabuni, ikatoka. Akalifuta tabasamu, likatoka. Kisha akachovya kijiti kwenye piko ili aurudishe mdomo wa zamani, na mkono ukasimama hewani, kwa sababu hakukumbuka ulivyokuwa. Akachora mdomo mmoja, ukawa wa mjomba wake. Akachora mwingine, ukawa wa mtu wa Madogo. Alifuta na kuchora hadi uzi wa bafta ukalegea pale usoni, na afisa akawa amekwisha fika.

Waliitundika mbele ya afisa, kando ya kivuko, Nzai akiwa ameketi kwenye kiti chake. Athmani aliwatazama wote sawasawa. Akafungua mdomo.

"Nawa mikono kabla ya kula," akasema.

Afisa alicheka kwa wema. Alisema wanawe humtazama kila wiki, wanampenda sana mtu huyu. Akaandika kuwa mvuta kamba alizembea, akampa Nzai mkono, akavushwa.

Watu walibaki hadi kiboko alipomaliza, kisha wakakunja mikeka. Sabdio hakuondoka. Mwanaarusi alikaa mbele yake akiisubiri lawama, lakini haikuja.

"Hapa iko nafasi bado?" Sabdio aliuliza, akionyesha pembe ya bafta.

"Ipo."

"Basi mchore Huka."

Mwanaarusi akachukua kibakuli.

"Mdomo funga," Sabdio akasema.

Akamchora hivyo. Piko lilipokauka, Huka aliwapeleka ng'ombe wake hadi ukingoni, akasimama akisubiri kuvushwa.