Mpira Mweusi wa Ijumaa

Ijumaa, saa kumi alasiri, ilichaguliwa na Bwana Harvi mwenyewe kwa shindano la snuka, mchezo wa kutia mipira matunduni mezani, na mjini Same hakuna aliyeuliza sababu. Sefania alikuwa Msabato. Jua la Ijumaa likishazama, fimbo ya snuka hakuigusa mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Harvi alikuwa meneja wa shamba la katani ambako Sefania alipima mizigo, na miaka yote alimwona akigomea kazi ya Jumamosi. Basi akapiga hesabu yake: nikishindwa naye mezani, nitamvizia kwa jua.

Meza ilikuwa ya Salimu, mfanyabiashara wa karibu na stesheni, aliyeinunua mnadani wakati mali za Wajerumani zilipouzwa. Hapo ndipo Sefania alipojifunza, akisubiri mabehewa ya katani, mpaka akakosa wa kucheza naye. Alishuka Korogwe akashinda. Alipanda Moshi akashinda. Tanga walimletea bingwa mwenye glavu nyeupe, na Sefania akarudi na kombe begani kama mtu aliyetoka gulioni na mkungu wa ndizi. Lililobaki ni Kombe la Stesheni. Hilo halikuwahi kutoka mikononi mwa Harvi, maana nani atamshinda bosi wake halafu Jumatatu akaombe kazi?

Sefania ndiye huyo.

Ila huko Suji, mlimani kwa wakwe zake, vikombe vyake havikumpa heshima yoyote. Mkwewe, mzee Melkizedeki, alikuwa mzee wa kanisa, na kwake snuka ilikuwa ndugu wa pombe. Hata jina la Sefania hakulitamka. Alimwita mcheza vijiti. Alipomwoza binti yake Eliwaza alitoa sharti mbele ya ukoo: siku mcheza vijiti atakaposhika kijiti chake Sabato imeingia, Eliwaza anarudi kwao. Sefania alikubali. Kisha, walipobaki wawili, alimwambia Eliwaza, "Hii ahadi nakupa wewe. Baba yako ni shahidi tu."

Siku ya shindano Eliwaza alikuwapo Same. Alikuwa ameshapika makande ya Sabato, akayafunika nyumbani kwa waumini waliowapokea. Mzee naye alishuka kutoka mlimani, eti kulinda roho za watu. Alisimama mlangoni pa Salimu, jicho moja kwenye jua, jingine kwa mkwewe.

Harvi alicheza kama mtu anayechimba kaburi la adui bila haraka. Alipiga, akawasha kiko. Akaagiza chai, akailalamikia, akaagiza nyingine. Aliizunguka meza akiinama huku na huku, na jua nalo, bila kujua fitina za watu, likazidi kuteremka upande wa tambarare.

Sefania alipopata zamu yake hakusubiri hata vumbi la chaki litulie. Njano ikaingia. Kijani, kahawia, buluu. Waridi ilisita mdomoni mwa tundu, watu wakashika vichwa, ikaingia. Ukabaki mpira mweusi peke yake. Harvi alikuwa mbele kwa pointi tano, na mweusi una saba. Ulikaa karibu na tundu, umenyooka na ule mweupe wa kupigia, hata mtoto angeutia.

Sefania aliinama, akavuta fimbo. Kisha akatazama dirishani. Jua halikuwapo.

Akainuka, akaiegemeza fimbo ukutani.

"Piga," Harvi akasema akicheka. "Mungu wako hatakasirika kwa mpira mmoja."

"Jua limezama, Bwana."

"Basi umeacha mchezo, na kombe ni langu. Na usipopiga, Jumatatu usije kazini."

Ndipo Sefania akasikia mnong'ono nyuma ya sikio. Alikuwa mkwewe, kofia imepinda, jasho linamtoka. "Piga, mwanaume! Umeshauona! Piga haraka!" Maskini mzee, mchezo ulikuwa umemteka mzimamzima.

Mkono ulimwasha. Sefania alilitaka lile kombe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha dunia hii, na ruhusa ndiyo hiyo, tena kutoka kwa mwenye sharti. Akamtazama Eliwaza. Naye Eliwaza alimtazama kama siku ile ya ahadi.

"Shahidi hana ruhusa ya kufuta ahadi, baba," Sefania akasema. Kisha akamgeukia Harvi. "Jumatatu sitakuja, Bwana, tafuta mpima mizigo mwingine. Lakini mchezo sijauacha. Kesho jua likizama nitaupiga."

"Haiwezekani!" Harvi akafoka.

Salimu alikuwa ameshalitandaza shuka juu ya meza, mipira yote miwili chini yake. "Meza ni yangu, Bwana," akasema. "Humu ndani siku ya Mungu ya mtu haifanyiwi mzaha. Anayetaka kombe aje kesho."

Harvi alirudi Jumamosi, kwa kuwa asingekuja, mji mzima ungesema ameogopa. Ukumbi ulifurika mpaka dirishani. Salimu akaliondoa shuka taratibu, na mipira ilikuwa palepale. Sefania akaisogelea fimbo bila kuigusa.

"Baba, hebu nitazamie. Jua limezama?"

Mzee Melkizedeki akatoka nje. Akatazama tambarare, akakohoa. Akaketi jiweni, akavua kiatu, akakung'uta mchanga, akakivaa. Akavua cha pili. Ndani kulikuwa kumeshaanza kuwa giza, na Salimu akawasha karabai.

"Limezama zamani!" Harvi akapiga kelele.

"Mimi ni mzee, macho hayaoni vizuri," sauti ikajibu kutoka nje. "Na jua la Mungu halina haraka, Bwana. Agiza chai."

Ukumbi uliangua kicheko ambacho hata stesheni walikisikia. Harvi akawa mwekundu, akakosa pa kuuweka mkono wake. Eliwaza naye, aliyejizuia tangu Ijumaa, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Hatimaye mzee akaingia, akasimama kando ya meza, akaivua kofia.

"Limezama," akasema. "Piga, Sefania."

Sefania akaichukua fimbo, akaupiga, na mweusi ukazama tunduni.