Mkono Ulioshika Kisu

Nafuna alikuwa na wivu, na wala hakuona haya. Jirani yao pale Makindye, Julienne, fundi cherehani kutoka Kongo, alikuwa na kiuno, alikuwa na kicheko, na hakukosa sababu ya kuingia kwao: mara chumvi, mara pasi. Cleopas Nyongesa, mume wa Nafuna, akimwona tu hukimbilia shati.

Lakini Nafuna alikuwa na bango lake. Lilikuwa la maonyesho ya sanaa ya mwaka 1991, yale yaliyomtoa Cleopas kwenye kuandika vibao vya maduka. Juu herufi nyekundu, chini mchoro wake: mwanamke ameinama, kitambaa kimemficha uso, anamenya ndizi za matoke kwa mkono wa kushoto. Na katika ua ule mzima mashoto alikuwa mmoja tu. Mkono huo ulikuwa umemponza Nafuna tangu utoto. Mama mkwe wake alikataa hata kupokea kikombe cha chai kutoka kwake. Kumbe mumewe aliupenda, akautangaza mji mzima! Basi Julienne akiingia, Nafuna huchukua kitambaa, akaanza kulipangusa bango lisilo na hata chembe ya vumbi.

"Unaniona nilivyokuwa?"

"Nakuona, Mama Moreen," Julienne hujibu. "Ni weye kabisa."

Siku hiyo Nafuna hula akashiba.

Mchoro wenyewe hakuwahi kuuona. Cleopas aliuchorea kwenye chumba cha kukodi Old Kampala, ukanunuliwa siku ya maonyesho na Daktari Ochan. Baada ya miaka saba daktari akauleta ubadilishwe fremu, maana mchwa walikuwa wameila. Nafuna akafuta mikono, akafunua kwa furaha shuka lililoufunika mchoro.

Kisu kilikuwa mkono wa kulia.

Akatazama bango, akatazama mchoro. "Baba Moreen, huu ni mkono gani?"

Cleopas akakohoa. "Mpiga chapa aliigeuza filamu ya picha, kulia kukawa kushoto. Maandishi yalichapwa peke yake, hayakugeuka, kwa hivyo hakuna aliyegundua. Nilienda kugombana naye, kurudi nikakuta umeshalibandika ukutani, unaita majirani. Ningesema nini?"

"Ungesema huyu ni nani."

Cleopas akainama, akaanza kung'oa misumari ya fremu.

Julienne akaingia, pasi mkononi. Alipouona mchoro akasimama, akautazama ule mgongo jinsi mtu anavyotazama nguo yake ya zamani. "Kumbe bado iko," akasema polepole.

Nafuna hakuhitaji kuambiwa zaidi. Moyo ukamwaka moto.

"Miaka yote hii unakunywa chai yangu chini ya hilo bango, unaniitikia eti ni mimi! Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana, Mama Moreen. Mambo yetu yaliisha mbele bango halijachapwa. Sikukucheka hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Julienne akaweka pasi mezani. "Nilikuwa nakuhurumia."

Nafuna alikuwa amemwekea matusi tele. Mwanamke wa kumwonea wivu alijua kupambana naye. Huyu aliyemhurumia hakujua amfanye nini. Akaketi, akalia kwa sauti, na aliyekuja kumshika bega alikuwa Julienne.